Nywila moja kwa chama kizima? Hapana!

Jamani, kuna tabia inayonikera sana na leo sinyamazi. Chama kinaamua kuwa na kalenda ya mtandaoni. Wazo zuri. Katibu anafungua akaunti mpya ya Google, halafu anabandika anwani pamoja na nywila kwenye kundi la WhatsApp: "Kila mtu aingie." Watu thelathini, nywila moja. Ukiuliza, unajibiwa: "Sisi ni ndugu, hatufichani."

Ndugu zangu, hapa hatuzungumzii kufichana. Tunauliza nani amefanya nini. Mkutano ukihamishwa kutoka Jumamosi hadi Ijumaa na mtu akatozwa faini kwa kutofika, ni nani aliyebadilisha siku? Kalenda itasema ni akaunti ya chama. Yaani ni wote, na kwa hivyo si yeyote. Faini ni pesa, na anayeilipa ana haki ya kujua.

Tena aliyetoka chamani kwa ugomvi mwezi jana bado anayo ile nywila. Mkiibadilisha, mnawafungia nje wanachama wote, kisha mnaituma upya kwenye kundi lile lile. Google nayo ikitaka uthibitisho, msimbo unaenda kwa simu ya katibu, naye yuko ndani ya matatu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa ipo tangu zamani. Kalenda ya Google ilizinduliwa mwaka 2006 ikiwa tayari na uwezo wa kushirikiana. Fungua kompyuta, unda kalenda mpya, ingia kwenye mipangilio yake, ongeza kila mwanachama kwa barua pepe yake mwenyewe. Kila mmoja unampa mojawapo ya ngazi nne: kuona tu kama muda una shughuli au hauna, kuona matukio yote, kubadilisha matukio, au kubadilisha na pia kuamua nani mwingine aingie.

Katibu na naibu wake wapewe ruhusa ya kubadilisha. Mwenyekiti awe na ngazi ya juu pamoja na aliyeiunda. Wengine wote waone matukio. Siku ikibadilika, wa kuulizwa ni watu wanne, si thelathini. Mtu akitoka, unafuta jina lake peke yake.

Najua mtaniambia huo ni ubaguzi. Ubaguzi gani? Mbona kitabu cha hundi hamjampa kila mwanachama? Mnao watia sahihi benki na hakuna anayelia kwamba amedharauliwa. Tarehe ambayo faini inategemea inastahili ulinzi huo huo.

Wengine huchoka kuongeza majina, wakaamua kuiweka kalenda wazi kwa dunia nzima. Hebu fikirini: tukio linataja siku, saa na nyumba ambayo pesa za wanachama zitakusanywa. Mnamtangazia nani?

Kwa asiyetumia Google, ipo anwani ya siri ya iCalendar, kiwango kilichotoka mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho 2009. Outlook na kalenda ya Apple zinaisoma. Lakini nayo ni ufunguo: yeyote atakayeipata atasoma kila kitu. Usiibandike kundini. Ikivuja, ibadilishe kwenye mipangilio.

La mwisho: arifa za kalenda iliyoshirikishwa huwa ni za kila mtu binafsi. Katibu hawezi kukuwashia. Kila mwanachama aingie kwenye mipangilio ya kalenda hiyo, achague kupata barua pepe tukio linapobadilishwa. Mkutano ujao, tengeni dakika kumi mfanye hivyo pamoja, kabla ya kumtoza mtu yeyote faini nyingine.

Undugu haulindwi kwa nywila moja. Hulindwa pale ambapo kila mtu anajibu kwa jina lake.