Utafiti wa Chidigo uhifadhiwe pamoja na programu zake

Mwanafunzi anayekusanya maneno ya Chidigo kutoka Diani hadi Msambweni huandika kwa makini jina la kijiji, tarehe na umri wa msemaji. Ni nadra lakini ataje toleo la programu aliyoitumia kuyachanganua. Tasnifu nyingi husema tu kwamba hesabu zilifanywa kwa R. R ipi?

Swali hili si la uchokozi. Mwezi wa Aprili 2019, toleo la 3.6.0 la R lilibadilisha namna programu hiyo inavyoteua vitu kwa bahati nasibu. Tuseme mtafiti aliteua maneno 200 katika orodha ya maneno 3,000 kwa toleo la awali. Akirudia amri zile zile na nambari ile ile ya kuanzia katika toleo jipya, atapata maneno mengine. Mwaka uliofuata, toleo la 4.0.0 likabadili jinsi maandishi yanavyosomwa kutoka majedwali. Hakuna aliyekosea hapo. Hata hivyo, mtahini aliye Nairobi akirudia hesabu kwa kompyuta yake mpya na zisilingane, mwanafunzi wa Ukunda ndiye atakayedhaniwa kuwa mghushi.

Dawa ipo, na chimbuko lake si la jana. Tangu miaka ya 1960 kampuni ya IBM iliwezesha kompyuta moja kubwa ijifanye kompyuta nyingi. Hiyo ndiyo mashine pepe: ina mfumo wake kamili wa uendeshaji, na kwa hiyo ni nzito. Kontena, ambazo zilienea baada ya Docker kutokea mwaka wa 2013, ni nyepesi zaidi, kwani huazima kiini cha mfumo wa mwenyeji na kubeba programu na maktaba zake tu. (Wanaisimu wenzangu wanaobishana iwapo kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi wapumzike kidogo, neno kontena tulikwisha kuamuliwa na wachukuzi wa Kilindini.) Mradi wa Rocker, ulioanzishwa mwaka wa 2014, hutoa kontena za R, kila moja na nambari ya toleo lake.

Nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya wenye intaneti ya bure. Pingamizi hili lina uzito, maana kontena moja yaweza kufikia gigabaiti nzima au zaidi, na mwanafunzi hununua bando kwa fedha zake. Lakini si lazima kila mmoja aipakue. Chuo kikiipakua mara moja na kuihifadhi kama faili, itapitishwa mkononi kwa kifaa cha flashi hadi Lunga Lunga bila intaneti yoyote. Tatizo gumu zaidi ni kompyuta zenyewe. Kwenye Windows, kontena za Linux hupandishwa juu ya mashine pepe, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itahema. Mwenye kompyuta ya namna hiyo na aorodheshe walau nambari za matoleo yote. R hulifanya hilo kwa amri moja.

Kamusi ya Chidigo iitwayo Mgombato, iliyochapishwa mwaka wa 2004, hufunguliwa kwa vidole. Majedwali ya watafiti wa leo hayana bahati hiyo. Kwa hiyo idara za isimu zisipokee tasnifu yenye hesabu za kompyuta bila faili fupi ya maelekezo ya kuunda kontena yake, nayo itaje nambari kamili ya toleo. Neno "jipya kabisa" halifai humo, kwa kuwa la leo silo la mwakani.