Ukomo wa Uongozi Uingie Kwenye Katiba ya Chama Sasa

Makamanda wa Simiyu, tumeshangilia vya kutosha. Januari 2025 pale Mlimani City, Lissu alipata kura 513, Mbowe 482. Mbowe akakubali matokeo na kumpongeza mwenzake. Siku chache kabla, CCM kule Dodoma walimpitisha mgombea wao wa urais bila mshindani. Tofauti mmeiona.

Lakini tusidanganyane. Mbowe alishika uenyekiti 2004, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Miaka 21! Kazi yake siikatai, na mahabusu amelala kwa ajili yetu. Ila ameondoka kwa tofauti ya kura 31, si kwa sababu katiba yetu ilimwambia muda umekwisha. Kura hizo zingeangukia upande wa pili, tungekuwa naye mpaka lini?

Lissu kwenye kampeni aliahidi ukomo wa uongozi. Safi. Sasa uandikwe. Najua kuna watakaosema, "Tulia dada, mwenyekiti ni mtu wa haki." Sawa, lakini kifungu hakiandikwi kwa ajili ya mtu wa haki. Kinaandikwa kwa ajili ya yule atakayekuja baada yake.

Sisi wa Bariadi hatuhitaji mfano wa mbali. Waulizeni wazee habari za UDP na Bwana Mapesa. John Cheyo aliitikisa wilaya hii, akaingia bungeni. Shida ni kwamba chama kilikuwa Cheyo, na Cheyo ndiye chama. Mwaka 2010 UDP ilipata mbunge mmoja tu wa jimbo, yeye mwenyewe. Mwaka 2015, hata mmoja.

Na tusiwacheke. Mwaka huohuo wa 2010 sisi tulibeba Maswa Magharibi, Maswa Mashariki na Meatu. Mwaka 2015 yote yakaenda CCM. Tulishangilia wabunge, warithi hatukuwaandaa.

Mwaka 2025 tuliiambia serikali: bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Nakubali kabisa. Ila mkulima wa pamba akituuliza, "Na nyie kwenu mmebadilisha nini?" tutamjibu nini? Tutamwonyesha video ya Mlimani City?

Pendekezo langu ni hili: vipindi viwili vya miaka mitano, kuanzia mwenyekiti wa tawi mpaka wa Taifa, na Mkutano Mkuu ujao upige kura. Ajenda ianze kwenye matawi yetu mwezi huu. Timu Mbowe, Timu Lissu, jamani imetosha.

Nguvu ya umma!