Kofia za Maigizo: Nani Azitengeneze?

Katika shule nyingi za msingi, maigizo huandaliwa kwa ajili ya siku ya wazazi, sikukuu za taifa au mahafali ya darasa la saba. Watoto hufundishwa maneno na nyimbo kwa majuma kadhaa, lakini mavazi, na hasa kofia, huachwa hadi siku ya mwisho. Hapo mwalimu hukesha akikata kadibodi na kushona, na asubuhi kila mtoto huvikwa kitu asichokitengeneza. Wageni hushangilia, mwalimu mkuu hushukuru, na hakuna aulizaye watoto wamejifunza nini. Maoni yangu ni kwamba kofia ya maigizo ni somo kamili, wala si pambo tu. Na somo hilo hupotea mara mwalimu anapolitenda badala ya mtoto.

Kwanza tujiulize kofia ina kazi gani jukwaani. Mtazamaji aliyekaa mbali haoni vifungo vya shati wala mishono ya kanzu. Hutazama kichwa, kwa sababu ndiko sauti itokako. Kwa hiyo kofia humwambia upesi kuliko vazi jingine kwamba huyu ni mzee, yule ni mgeni, na wale ni watawala. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, wenye njama hufika usiku nyumbani kwa Brutus wakiwa wameshusha kofia hadi masikioni, hata mtumishi hawezi kuwatambua. Kofia hapo ni sehemu ya hadithi yenyewe. Hali kadhalika, katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, wamo askari wa utawala wa Kijerumani. Katika historia askari hao walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kitambaa kingine kikining'inia kisogoni kuzuia jua. Shule isiyo na uwezo wa kushona sare nzima ikitengeneza kofia hiyo moja tu, mtazamaji atajua ni nani aliyesimama mbele yake.

Baadhi ya walimu husema watoto wa darasa la tano hawawezi kazi hii: watakata vibaya, wataharibu vifaa, na shule itaaibika mbele ya wageni. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa heshima, maana vifaa ni haba kweli, na mwalimu mwenye darasa kubwa hana muda wa kuchezea. Lakini tuipime vizuri. Mtoto aliyekata karatasi kuukuu ikapwaya kichwani hajaharibu kitu. Amegundua kwamba hakupima. Akipima na kukata tena, amejifunza jambo ambalo ubao na chaki havikuweza kumfundisha. Mwalimu anayemnyang'anya mkasi ili kazi ipendeze amewafurahisha wageni wa saa moja, na amemnyima mtoto elimu ya miaka mingi.

Tuchukue mfano wa kofia nyepesi ya vipande viwili, kama ilivyo kofia ya kushonwa kwa mkono inayovaliwa pwani: kipande cha mviringo juu ya utosi, na ukanda wa kuzunguka. Mtoto apime kichwa cha mwenzake kwa uzi, juu kidogo ya nyusi na masikio, kisha aunyooshe uzi huo kwenye rula. Tuseme amepata sentimita 54. Aongeze sentimita 1 ili kofia isibane. Sasa ana mzingo wa sentimita 55. Ili kupata kipenyo cha kipande cha juu, azidishe 55 kwa 7 na kugawanya kwa 22. Jibu ni sentimita 17.5, na nusu kipenyo ni 8.75. Ukanda utakuwa na urefu wa sentimita 57, yaani 55 pamoja na 2 za kupandishia miisho. Ikiwa ni kofia ya kitambaa, kila ukingo uongezewe sentimita 1 ya mshono. Watoto wangapi wameikariri kanuni ya duara bila kujua inamfaa nani? Hapa inamfaa rafiki yao, na jibu likiwa si sahihi, kofia yenyewe itasema.

Baada ya hapo mwalimu awaelekeze wagundue jambo la pili. Kichwa cha mtu si duara kamili: ni kirefu kutoka paji la uso hadi kisogoni kuliko kutoka sikio hadi sikio. Ndiyo maana mafundi wa kofia za maonyesho huko Ulaya hutumia kalibu za mti zenye umbo la yai. Hulowesha au kufukiza kwa mvuke kitambaa kilichokazwa kwa kanji au gundi, wakakivuta juu ya kalibu, wakakiacha kikauke, kisha wakashona waya ukingoni na kufunika kwa kitambaa cha nje. Shule zetu hazina kalibu za namna hiyo, lakini kila kijiji kina vyungu na masufuria. Chungu kinachokaribia ukubwa wa kichwa hufunikwa kwa mfuko wa plastiki, kisha hubandikwa vipande vya magazeti vilivyopakwa uji wa unga wa ngano. Tabaka nne au tano zatosha, kila moja ikauke juani kabla ya inayofuata. Kofia ikikauka huvuliwa, hukatwa ukingo, hupakwa rangi. Kazi hii haifanyiki kwa usiku mmoja, na ndiyo sababu inapasa kuanza pamoja na mazoezi ya maneno, sio baada yake.

Kanuni yetu ya ualimu inasema tutoke katika yanayojulikana kwenda katika yasiyojulikana. Kwa ajili hiyo tusiwasahau wasukaji wa ukindu na miyaa. Ukili ule ule unaounganishwa kuwa mkeka huweza kuwa kofia: fundi huanza katikati ya utosi, akauzungusha ukili na kuushona ukingo kwa ukingo. Akitaka kofia ishuke, huukaza. Akitaka ukingo utandawae, huulegeza. Mwalimu na amwalike bibi au babu mmoja wa kijijini aje darasani aonyeshe kwa mikono yake. Watoto wataona kwamba mwenye ujuzi si yule tu aliyeshika chaki. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikuwa na maana ya kutumia vitu duni. Ilitaka shule isijitenge na kazi za watu wake.

Kofia ikiisha, ipimwe kwa macho ya mtazamaji. Mtoto aivae asimame uwanjani, na wenzake warudi nyuma hatua 20. Je, wanaona macho yake? Maonyesho yetu mengi hufanyika nje, jua likiwa juu, na kofia yenye ukingo mpana hutia uso wote kivuli. Dawa yake ni kuupunguza ukingo wa mbele au kuukunja juu. Je, urembo wake unaonekana? Nakshi ndogo ndogo hupotea kwa mbali. Mistari mipana yenye rangi zinazotofautiana hubaki. Kisha acheze ngoma nayo. Ikianguka, iwekewe utepe kidevuni. Watoto watoe hukumu wenyewe na kueleza sababu. Hapo somo la sanaa limekuwa pia somo la lugha na la kufikiri.

Yapo mambo mawili ambayo mwalimu hana ruhusa ya kuyapuuza. La kwanza ni heshima. Kilemba, kofia ya vito na vazi lolote la ibada au la jadi lina wenyewe, nao huenda wameketi mstari wa mbele. Mwizi au mlevi wa mchezo asivikwe kofia ambayo baba wa mtoto fulani huivaa kwenda kuswali au kuketi barazani na wazee. La pili ni afya. Mapunye huambukizwa kwa kuvaliana kofia. Basi kila mchezaji awe na yake, au angalau utepe wa ndani wa kitambaa uweze kufumuliwa na kufuliwa.

Ndugu wanachuo, haya yote hayafundishiki na mtu asiyeyatenda. Mwalimu ambaye hajawahi kukata utosi ukawa mdogo kuliko ukanda hatajua mtoto amekosea wapi, naye kwa hofu atachukua mkasi mwenyewe. Kwa hiyo napendekeza kila mwanachuo, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, atengeneze kofia tatu kwa mikono yake: moja ya kitambaa kwa vipimo, moja ya karatasi juu ya chungu, na moja ya ukili chini ya uangalizi wa msukaji. Wakufunzi wazikague kwa kuzivisha watu, si kwa kuzipanga mezani.

Inawezekana kofia za watoto zisipendeze kama za mwalimu. Mishono itapinda, na rangi itavuka mstari. Lakini mzazi aliyeketi uani siku hiyo akimwuliza mwanawe kofia ile ilipatikanaje, mtoto ataweza kumweleza tangu uzi wa kwanza hadi utepe wa mwisho, na pengine kesho yake atampima kichwa mdogo wake nyumbani. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.