Gego la mtoto limetoboka: kung'oa, kuziba au kulivalisha kofia?

Mtoto wako wa miaka saba amerudi kuogelea Raskazone. Umempa kipande cha muwa, naye anatafuna upande mmoja tu. Ukimfunua mdomo unaona gego la chini, la nyuma kabisa, lina shimo jeusi. Jirani anakwambia usihangaike, hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe.

Jirani ana nia njema, lakini huenda amekosea. Hesabu meno kuanzia lile la mbele katikati kwenda nyuma, upande mmoja. Meno ya utoto ni matano kila upande, juu na chini, jumla 20. Ukikuta la sita, hilo si la utoto. Ni gego la ukubwani, huota karibu na miaka sita nyuma ya mengine bila kung'oa jino lolote, ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui. Likitoka, limetoka. Na hata yale magego ya utoto yaliyo mbele yake hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Miaka mitano ya kutafuna upande mmoja si muda mdogo.

Nchini kwetu jino bovu kwa kawaida huishia kung'olewa. Sababu si kwamba madaktari hawajui kutibu. Familia nyingi hufika hospitali maumivu yakiwa yamekwishakuwa ya usiku kucha, na kung'oa huisha siku hiyohiyo kwa gharama ndogo. Lakini pengo linabaki. Meno ya jirani huegemea kulijaza, na la ukubwani linalosubiri chini hukosa njia, likaota limepinda.

Suala hili lina habari mbili za siku hizi zinazomgusa mama moja kwa moja.

Ya kwanza ni zebaki. Ule ujazo wa rangi ya fedha ambao wengi wetu tumezibwa nao, karibu nusu yake ni zebaki. Kuna Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye sumu hiyo, na watoto wakazaliwa wameathirika. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuzuia, au kushauri usitumike, ujazo huo kwenye meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hakuna budi. Kisha Novemba 2025, mjini Geneva, zikaweka mwaka 2034 kuwa mwisho wa matumizi yake. Kama wewe mwenyewe umezibwa hivyo zamani na jino halina tatizo, usikimbilie kuutoa. Kuuchimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi kuliko kuuacha ulipo.

Uamuzi huo ni mzuri, ila una mtego. Zebaki ilikuwa rahisi na ilidumu. Kama hospitali zitaiacha bila kununua vya kuibadili, mwenye kuumia ni mtoto: badala ya kuzibwa, atang'olewa. Vibadala vipo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu saruji ya kuzibia inayotoa floraidi, dawa ya fedha yenye floraidi inayopakwa kusimamisha uozo (hulitia jino weusi, lakini haina mashine wala sindano), na dawa ya meno yenye floraidi. Na kwa gego la utoto lililooza pande zaidi ya moja, kipo kitu kinachodumu kuliko ujazo: kofia.

Kofia ya mtoto ni ya chuma kisichoshika kutu, imeshatengenezwa kwa saizi mbalimbali. Daktari huchagua inayoenea, huijaza saruji na kuivalisha jino. Zipo namna mbili. Moja ni ya kupiga ganzi, kusafisha uozo na kulichonga jino kwanza. Nyingine iliandikwa na watafiti kutokana na kazi ya daktari wa meno wa Scotland, Norna Hall: hakuna sindano wala kuchimba, kofia inakandamizwa juu ya jino, na uozo unafungiwa ndani ukose chakula. Watu wengi hushtuka kusikia uozo unaachwa ndani, lakini njia hiyo imefanyiwa utafiti na inafanya kazi. Inafaa tu kwa jino lisiloota usaha wala kuuma lenyewe usiku. Mtoto ataona meno hayakutani sawasawa kwa siku kadhaa, kisha yatajipanga. Wakati wa jino kung'oka ukifika, linatoka na kofia yake.

Kofia ya mtu mzima ni jambo jingine. Huhitajika hasa kwa gego lililotibiwa mzizi, kwa sababu jino la namna hiyo hubaki na kuta nyembamba na linaweza kupasuka kwa kutafuna. Linachongwa pande zote, linachukuliwa kipimo, unavikwa kofia ya muda, kisha unarudi kuvalishwa ya kudumu ikitoka kwa fundi wa meno. Huku pwani tunakumbuka meno ya dhahabu ya bibi zetu, na wengine walivalisha jino zima kwa urembo. Kuchonga jino zima si jambo la kurudishika, na kwa maoni yetu urembo hautoshi kuwa sababu.

Habari ya pili ni bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Mjadala wote huishia kwenye kitita cha mafao: nini kinalipiwa, kwa nani. Tuliona Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza, hospitali binafsi nazo zikasita kupokea kadi, jinsi mabishano ya bei yanavyoishia kwa mzazi aliyesimama dirishani na mtoto. Kwa meno hesabu ni nyepesi. Kadi ikilipia kung'oa lakini isilipie kuziba na kofia, mzazi asiye na akiba ataambiwa ang'oe. Kwa hiyo, uwe unakwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, au kliniki binafsi mjini, uliza kabla mtoto hajapanda kitini: kadi hii inalipia kuziba? Inalipia kofia? Na muulize daktari, "Hili ni jino la utoto au la ukubwani, na linaweza kuokolewa?" Ni haki yako kujibiwa.

Uvimbe wa shavu au taya pamoja na homa hausubiri kesho. Nenda siku hiyohiyo. Na mtoto mchanga mwenye kuharisha na homa hana "meno ya plastiki". Wanaomchimba fizi wanang'oa vijimeno vyake halisi ambavyo bado havijaota, na wapo waliopoteza watoto kwa njia hiyo. Mpeleke zahanati.

Ubuyu wa rangi na kashata havikatazwi. Kinachooza jino zaidi ni kuvimung'unya kutwa nzima kuliko kula mara moja baada ya chakula. Mswaki ushike wewe mpaka mtoto awe na miaka saba au minane, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kwa mkubwa. Ateme, asisukutue kwa maji mengi.

Kofia nayo inapigwa mswaki kama jino, hasa pembeni inapokutana na fizi. Ikichomoka, isuuze, ifunge kwenye karatasi safi na uende nayo. Mara nyingi daktari huigandisha ileile.