Umri wa Kisu cha Kukunja

Wahenga walinena: Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini kisu cha kukunja kilichoachwa na mzee hakifai kunolewa kwa haraka, maana tupa na msasa huweza kufuta maneno yenye thamani kuliko makali yake.

Hutokea katika nchi ya chai, toka Kericho hata Bomet, kwamba sanduku la marehemu likifunguliwa huonekana kisu cha namna hiyo, kimeshika kutu. Mmoja husema kilitoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwingine husema kilinunuliwa dukani Sotik. Shauri hilo si dogo. Majina ya wapagazi wengi wa Kiafrika waliokufa katika vita vile vya 1914 hata 1918 hayakuhifadhiwa, na jamaa zao hawana hati, ila kitu na hadithi. Basi yafaa kitu hicho kisomwe kwa uangalifu.

Mahali pa kutazama kwanza ni pale ubapa unapoungana na mpini, kwa kuwa ndipo mafundi walipopiga chapa. Jina la mji wa Sheffield laonyesha kazi ya Uingereza, na Solingen kazi ya Ujerumani. Nyota pamoja na msalaba wa Malta ni alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield. Neno “England” mara nyingi huonyesha kwamba kisu si cha kabla ya 1891, kwani sheria ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Neno “Stainless”, yaani chuma kisichoshika kutu, haliwezi kutangulia 1913, mwaka ambao Harry Brearley alitengeneza chuma hicho huko Sheffield. Na “West Germany” si kabla ya 1949, Ujerumani ilipogawanyika.

Visu vya jeshi la Uingereza vilikuwa na alama ya mshale mpana, maana yake mali ya serikali, na mara nyingi mwaka uliandikwa karibu nayo. Kisu chenye mshale na 1943 hakikuwako wakati askari wa King's African Rifles walipopigana na Wajerumani katika Tanganyika. Lakini kingeweza kufuatana na askari wa kikosi hicho waliokwenda Burma mwaka 1944. Hapo heshima ya nyumba haikupotea; imetoka kwa baba na kumfikia mwana.

Hata hivyo, mwaka wa chapa ni mwaka wa kutengenezwa, si wa kupewa. Kisu cha 1917 huweza kuuzwa, kuibwa au kutolewa zawadi mara nyingi kabla ya kufika katika sanduku la mzee. Chapa hukanusha uongo kwa urahisi, bali peke yake haithibitishi kwamba mwenyewe alikuwa askari. Yafaa iwekwe pamoja na maneno ya wazee, barua, nishani na picha, na yote yakipatana, hadithi husimama imara.

Kwa kusoma chapa iliyofifia, ubapa upanguswe taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha uelekezwe upande wa mwanga. Karatasi nyembamba ikiwekwa juu yake na kusuguliwa kwa penseli, herufi huweza kutokea. Mpini wa mfupa au pembe usilowekwe majini, wala misumari yake isibadilishwe. Maneno ya wazee nayo yaandikwe, pamoja na jina la aliyeyasema na tarehe, kabla kisu hakijauzwa kwa mpita njia. Chuma huweza kungoja miaka mia. Mzee anayekijua kisu hicho hangoji.