Wastaafu na Nyumba ya Magurudumu

Huko Marekani wapo wastaafu wanaouza nyumba na kuhamia kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo. Wakati wa baridi maelfu hukusanyika Quartzsite, jangwani Arizona, kuota jua. Hatuwalaumu: hakuna majani ya kufyeka, na wajukuu walio mbali hutembelewa kwa zamu.

Lakini gari hushuka thamani kila mwaka. Na macho yakififia, nani ataendesha? Medicare ya kawaida ya serikali humfuata mzee jimbo hadi jimbo, ila mipango mingi ya Medicare Advantage humbana kwenye madaktari wa eneo lake, isipokuwa kwa dharura. Vijana, washaurini wazazi wapangishe nyumba mwaka mmoja kwanza, wasikimbilie kuiuza.