Chumba cha Futi Kumi Hakihitaji Spika ya Inchi Nane

Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120 mjini Ruiru na kuupa mji huo nafasi ya nne kwa wingi wa watu nchini Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika, mbele kidogo kwenye barabara kuu ile ile, ilikuwa na watu 251,407. Vijana wengi wa miji hii wamepanga kwenye ploti na magorofa, kuanzia Kimbo na Kihunguro hadi Makongeni na Landless, na kipimo cha chumba hujulikana hata kabla mwenye ploti hajafungua mlango: futi kumi kwa kumi. Humo mna kitanda, mtungi wa gesi, nguo nyuma ya pazia na, siku hizi, kompyuta yenye programu ya FL Studio au kontrola ya DJ juu ya meza iliyokuwa ya kusomea.

Mambo huharibika siku ya kununua spika. DJ akishalipwa pesa za kwanza kwa kupiga muziki kwenye harusi au ruracio, hupanda matatu hadi Luthuli, Nairobi, akarudi na spika kubwa kuliko zote alizoweza kubeba. Koni ya inchi nane, na sabufa pembeni ikiwezekana. Majirani watajua amefika. Muziki wake, hata hivyo, hautakuwa bora, kwa sababu chumba ndicho kinachochagua spika, si mfuko wala macho.

Hesabu yake si ngumu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na futi kumi ni mita tatu na kidogo. Wimbi la besi la hezi 56 lina urefu wa mita sita hivi, maradufu ya chumba, kwa hiyo nusu yake huenea sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta na kunaswa humo. Chumba kikiwa mraba, upana nao hunasa hezi zile zile. Dari ya futi tisa huongeza mtego wa tatu karibu na hezi 63. Hapo ndipo penye uhai wa ngoma ya besi ya house na miguno ya amapiano: hunguruma ukutani na pembeni, kisha hufifia katikati ya chumba.

Prodyusa aliyeketi katikati hudhani besi haitoshi. Anaiongeza. Usiku mzima anaiongeza, na kesho yake wimbo ukipigwa ndani ya nganya, matatu za njia ya 237 au 145, zenye sabufa zinazotikisa viti, maneno ya mwimbaji hayasikiki tena.

Linganisha spika mbili za kampuni moja. Yamaha huorodhesha HS8, yenye koni ya inchi nane, kuwa inashuka hadi hezi 38. HS5, ya inchi tano, hukomea hezi 54. Kwa ukumbi mpana ile ya kwanza ni bora. Kwa chumba cha Kimbo, HS8 inaumwagia mtego huo nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima kwa sikio, ilhali HS5 inaishiwa pumzi pale pale mtego unapoanza. Udogo wake hapo ni faida.

Historia ya studio inaunga mkono spika ndogo. Mwaka 1978 Yamaha hiyo hiyo ilitoa NS-10 kama spika ya sebuleni. Wahandisi wa sauti waliichukua na kuiweka juu ya meza zao za kuchanganyia muziki, ikawa kipimo cha studio duniani hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Mhandisi wa Marekani Bob Clearmountain alijulikana kwa kuning'iniza karatasi ya shashi mbele ya twita zake ili kupunguza ukali. Besi ya NS-10 ilikuwa nyembamba, na hakuna aliyeisifu kwa utamu. Ilipendwa kwa kusema ukweli juu ya sauti za kati, ambako waimbaji na magitaa hukaa. Naye Bruce Swedien, aliyeurekodi na kuuchanganya muziki wa albamu ya Thriller ya mwaka 1982, aliamini sana Auratone, kijisanduku chenye koni moja ndogo.

Katika ukanda wa Thika jambo hili lina uzito wa pekee, maana muziki unaoingiza riziki nyingi hapa ni mugithi, na mugithi ni sauti ya mtu na gitaa. Uzi mzito kabisa wa gitaa la kawaida hutoa hezi 82. PreSonus Eris E3.5, spika ya inchi tatu na nusu inayouzwa kwa jozi, hushuka hadi hezi 80. Inalimeza gitaa zima. Inachokikosa ni ghorofa ya chini ya gitaa la besi, ambalo uzi wake mzito hushuka hadi hezi 41, pamoja na ngoma za amapiano. Sehemu hiyo hukaguliwa kwa hedifoni nzuri, ambazo hazijui kuta ziko wapi.

Wapo watakaosema DJ hahitaji ukweli, anahitaji raha, na bila besi ya kifuani hawezi kuhisi ukumbi. Wana hoja. Lakini mazoezi ya nyumbani ni kazi ya kuoanisha midundo, kuzisikia ngoma mbili zikigongana au zikikaa pamoja, na kazi hiyo inataka spika ya haraka na iliyo karibu na sikio. Spika za ukumbini hukodishwa siku ya shughuli. Pioneer DJ imetambua mvutano huu: DM-50D yake ya inchi tano ina swichi ya kuchagua kati ya sauti ya DJ na sauti ya kutengenezea muziki. Kwa anayefanya kazi zote mbili kwenye meza moja, swichi hiyo ina thamani kuliko inchi tatu za ziada.

Jambo moja DJ asilikubali ni spika ya kuunganishwa kwa Bluetooth pekee. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya tano ya sekunde, na hapo mkono na sikio havitakutana kamwe. Waya ni lazima, tena waya sahihi: kontrola kama DDJ-400 hutoa sauti kwa RCA tu, na HS5 haina tundu la RCA. Asiyeuliza hilo dukani hufika Thika na spika mbili zisizoweza kuunganishwa na chochote.

Kuna sheria pia. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, kuanzia baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ndizo saa ambazo mwanafunzi wa JKUAT au kibarua wa kiwandani Thika anapata nafasi ya kushika muziki. Kwa sauti ya chini kiasi hicho, nguvu za spika ya inchi nane zinabaki mapambo.

Pesa zinazookolewa zina kazi. Kabla ya kuzitumia, uanzwe mpangilio, ambao hauna gharama: spika mbili na kichwa cha msikilizaji viunde pembetatu ya pande sawa, mita moja hivi kila upande, twita zikielekea masikioni, na kiti kisikae katikati kabisa ya chumba. Takriban futi nne kutoka ukuta wa mbele panafaa. Spika ikilazimika kuegemea ukuta, itumiwe swichi iliyo nyuma yake. HS5 huweza kupunguza besi kwa desibeli mbili au nne kwa ajili hiyo. Godoro lisimamishwe kwenye pembe mchana. Kisha inunuliwe gadi ya umeme. Nchi ambayo Agosti 2023 ilizama gizani karibu yote, si mahali pa kuchomeka spika yenye amplifaya ndani moja kwa moja ukutani.

Anayenunua mali ya ex-UK akague mpira unaozunguka koni kwa kidole, asikilize mvumo wakati hakuna muziki, na asome volti nyuma. Kenya hutumia volti 240. Spika ya Marekani iliyoandikwa 120 pekee itaungua siku ya kwanza. Aulize pia kama bei aliyotajiwa ni ya spika moja au ya jozi, kwa sababu HS5 huuzwa moja moja, na mshangao wa kaunta umewavuruga wengi.

Wauzaji wa Luthuli nao wana deni. Dukani spika hupigwa kwa sauti ya juu kabisa, besi ikiwa imefunguliwa yote, na mteja hununua mtikisiko. Wamruhusu asikilize wimbo wake mwenyewe, kwa sauti ya kuzungumza, akiwa ameketi mita moja mbele ya spika, na waandike kwenye kila moja hezi inazoanzia. Aliye na chumba cha futi kumi anunue jozi ya inchi tatu na nusu hadi tano, hedifoni za studio, waya sahihi na gadi. Sabufa asiinunue hadi atakapohama.